Unene wa Waya

Neno waya ni miongoni mwa maneno ya kigeni yaliyopokewa kwa heshima kubwa katika Kiswahili. Lilitoka kwa Waingereza, lakini lilipofika kwetu masikio ya wenyeji yaliisikia ile sauti yake ya mwanzo kuwa ni ya nyumbani, kama ilivyo katika wayo, wavu, wembe na wakati. Basi kwa kuwa wayo huzaa nyayo na wavu huzaa nyavu, waya nao ukazaa nyaya. Hakuna kamati iliyoketi kuamua jambo hilo. Lugha yenyewe ilimpa mgeni kiti katika ngeli ya U-ZI na kumwambia akae. Redio haikupata bahati hiyo: moja ni redio, na mia ni redio.

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifundisha Kiswahili katika sekondari za mikoa ya Iringa na Mbeya, na kila mwaka mfano huu wa waya na nyaya uliwafurahisha wanafunzi. Leo, wapenzi wa lugha, sitaki kuzungumza nanyi juu ya ngeli yake. Nataka kuzungumza juu ya swali ambalo madereva wa huku kwetu huwauliza mafundi karibu kila wiki: nikitaka kuongeza taa kwenye gari langu, nitumie waya upi? Ni swali la ufundi. Hata hivyo jibu lake hupatikana au hupotea katika maneno, na ndiyo sababu nimeona linafaa kuletwa mbele ya washairi.

Ninaishi Idodi, magharibi mwa mji wa Iringa, kwenye njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Hii ni nchi ya mpunga, na ni nchi ya tembo pia. Vijiji vyetu na vya jirani zetu wa Pawaga viliungana katika jumuiya ya kuhifadhi wanyamapori, na jina lake likatungwa kwa Kiswahili kitupu: MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Malihai! Mali iliyo hai. Anayedhani kwamba Kiswahili cha maana hutungwa mijini tu na alitafakari neno hilo. Lakini malihai hawasomi ramani. Wakati wa kiangazi tembo huvuka barabara gizani kutafuta maji na mazao, na mwili wake wa kijivu hauakisi mwanga. Dereva humwona akiwa amekwisha kumkaribia. Kwa hiyo mtu wa Idodi anapotaka taa za ziada, mara nyingi hafuati urembo. Anatafuta mita hamsini zaidi za kuona.

Kijana mmoja wa jirani yangu ana Hiace ya abiria. Huondoka hapa saa kumi alfajiri ili akina mama wenye mchele wawahi soko la Iringa. Alinunua taa mbili za halojeni, kila moja ya wati 55, akaniletea karatasi iliyokuwamo ndani ya boksi nimsomee kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza. Nikaisoma, kisha nikafuatana naye hadi kwa fundi umeme wa magari, ambaye karakana yake ni kivuli cha mwembe na benchi moja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Nzuri, Mwalimu. Leo umekuja kutukagua?"

Juu ya benchi kulikuwa na mafungu mawili ya nyaya. Fungu la kwanza lilikuwa jekundu, nono, lenye kung'aa, na bei yake ilikuwa nusu ya bei ya lile la pili. La pili lilionekana jembamba kidogo. Dereva alinyoosha kidole kwenye lile jekundu akasema, "Tufunge huu. Si unaona ulivyo mnene?"

Fundi alinyamaza. Huo ndio unyamavu wa fundi ambaye anajua lakini hataki kumpoteza mteja. Niliomba wembe. Fundi akaimenya ncha ya kila waya, maana mafundi wetu husema kumenya waya, kama mtu anavyomenya chungwa. Waya mwekundu ulikuwa na ganda nene, na katikati yake nyuzi chache tu. Alipozikwangua kwa wembe, ule wekundu wa shaba ulibanduka na chini yake pakaonekana weupe wa alumini. Zilikuwa nyuzi za alumini zilizovikwa ngozi ya shaba. Waya wa pili ulikuwa na ganda jepesi, nyuzi nyingi ndogondogo, na kila uzi ulikuwa mwekundu hadi ndani.

Sasa nawauliza, waya upi ulikuwa mnene?

Neno unene limebeba mambo mawili kwa wakati mmoja, na mfanyabiashara mjanja huishi katika nafasi iliyo kati ya mambo hayo. Kuna unene wa ganda na kuna unene wa shaba. Jicho huona ganda, ilhali umeme hupita kwenye shaba. Ganda halisafirishi kitu. Kazi yake ni kuzuia umeme usiguse pasipostahili. Anayeuziwa ganda akidhani ananunua shaba ameuziwa neno lililoachwa bila kufafanuliwa. Alumini nayo si uchafu, kwani nyaya kubwa za umeme zinazopita juu ya milima yetu ni za alumini. Lakini kwa unene uleule, alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba. Anayeitumia lazima aongeze unene, na kwanza lazima aambiwe kwamba ni alumini.

Hata namba zilizochapwa juu ya waya huhitaji mfasiri. Waya wa 2.5 si waya wenye upana wa milimita 2.5. Namba hiyo ni milimita za mraba, yaani eneo la uso wa shaba unaouona ukiukata waya kama unavyokata muwa. Upana wa shaba hiyo, kama ingekuwa uzi mmoja, haufiki hata milimita 2. Wengi hawajui pia kwamba upana ukiongezwa mara mbili, eneo huongezeka mara nne. Kisha zipo bidhaa zilizopimwa kwa kipimo cha Kimarekani, ambacho namba yake ikipanda waya hukonda: namba 18 ni mwembamba kuliko namba 14, na namba 14 ni mwembamba kuliko namba 10. Wazee waliofanya kazi ya umeme zamani watakumbuka kipimo cha Waingereza cha 7/029, maana yake nyuzi saba, kila mmoja una upana wa inchi 0.029, ukizijumlisha unapata karibu milimita 3 za mraba. Lugha tatu za vipimo kwenye rafu moja ya duka, na mnunuzi anaambiwa tu, "Chukua huu, ni mnene."

Tulichora hesabu chini, kwenye vumbi, kwa kijiti. Taa mbili za wati 55 ni wati 110. Betri ya Hiace ni ya volti 12. Gawanya 110 kwa 12, unapata ampea 9 na kidogo. Huo ndio mzigo. Kama ingekuwa Fuso yenye umeme wa volti 24, mzigo ungepungua hadi nusu kwa taa za wati zilezile, kwa hiyo hakuna waya mmoja unaofaa kila gari. Fundi alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amelijua jambo hilo kwa mikono, bila kijiti. "Zinakula moto ampea tisa," alisema.

Halafu kuna urefu. Dereva alitaka waya utoke kwenye betri, uingie ndani hadi swichi ya dashibodi, urudi mbele hadi kwenye bampa. Tulipima kwa kamba tukapata kama mita 5. Waya wa shaba wa milimita 0.75 za mraba, ukipitisha ampea 9 kwa mita 5, humeza takriban volti 1 nzima njiani. Volti 12 zikiondoka, 11 ndizo zinazofika. Mtu atasema moja katika kumi na mbili ni kitu kidogo. Lakini taa ya halojeni haisamehi: ikinyimwa sehemu ya kumi ya volti zake, mwanga wake hupungua kwa karibu asilimia 30. Dereva amenunua taa ya kumwona tembo mapema, kisha waya unamnyang'anya zaidi ya robo ya mwanga aliolipia. Kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, njia ileile humeza kama theluthi moja ya volti, na taa hubaki na sehemu kubwa ya nguvu yake.

Hapa ndipo nilipotaka kutumia neno la darasani, nikasema, "Waya mwembamba una ukinzani mkubwa."

Fundi alinitazama kwa adabu. "Una nini, Mwalimu?"

"Ukinzani. Unaupinga mkondo wa umeme usipite kwa urahisi."

"Aa, una ubishi! Waya mwembamba ni mbishi. Na mrefu ni mbishi zaidi."

Nimelitafakari jibu hilo kwa miezi mingi. Kukinza ni kupinga, ni kwenda kinyume, ni kukaidi. Wanaisimu walipotafuta jina la tabia hiyo ya waya walichukua kitenzi hicho wakakitengenezea nomino, na walifanya vyema. Kijana huyu, ambaye hajawahi kufungua kamusi ya sayansi, alichukua tabia ileile, akaitafutia jina katika mazungumzo ya kila siku, akafika mlango wa jirani kabisa. Ukinzani na ubishi ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alipelekwa shule, mwingine akabaki nyumbani, na hawajawahi kutambulishwa.

Wala neno lake halikuishia kwenye jina. Nilipomuuliza volti zilizomezwa huenda wapi, hakusita: "Ukibishana sana si unapata joto?" Naam. Volti moja iliyopotea kwa ampea tisa ni wati tisa za joto, zimetandazwa ndani ya waya uliofungwa pamoja na wenzake, jirani na injini na rejeta, mahali ambapo hewa yenyewe ni ya moto. Ganda la plastiki la waya wa kawaida wa nyumbani limetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 70. Likizidishiwa hulainika, kisha huwa gumu na kupasuka, na shaba iliyo uchi hugusa bati la gari. Hapo waya haulishi tena taa mbili. Betri yote humwaga nguvu zake kwa mara moja kupitia uzi ule, nao huwaka mwekundu kama makaa, wakati mabomba ya mafuta hayako mbali.

Mafundi wetu hawauiti umeme wa gari mkondo. Huuita moto. Waya wa moto ni ule unaotoka upande wa chanya wa betri. Taa isipowaka, fundi husema moto haufiki. Kwa muda mrefu walimu wenzangu wameliona neno hilo kuwa la mitaani, la kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Mimi sina haraka hiyo. Idodi haihitaji kufundishwa moto ni nini. Mwezi Agosti mwaka 2009 bweni la wasichana wa sekondari ya hapa liliungua usiku, na wanafunzi 12 walipoteza maisha. Sitaandika zaidi juu ya msiba huo, kwa kuwa wenye nao wako hai na ni majirani zangu. Nasema tu kwamba katika kijiji hiki neno moto halitamkwi kwa wepesi. Fundi anaposhika waya na kusema "huu una moto," ametaja kwa neno moja kile kinachowasha taa na kile ambacho waya huohuo unaweza kukigeuka kuwa. Sijui neno la kamusi linaloonya hivyo. Mkondo hutupa picha ya maji yanayopita, na picha hiyo hufaa sana kwa hesabu. Moto hutupa hadhari. Anayefunga nyaya kwenye gari la abiria anahitaji yote mawili.

Niruhusuni niseme kwa ufupi yaliyobaki katika ufundi wenyewe, maana huenda msomaji mmoja kati yenu ana gari na ana fundi.

Jambo la kwanza ni fyuzi. Watu wengi hudhani fyuzi hulinda taa. Hapana, fyuzi hulinda waya. Kwa hiyo mahali pake ni karibu kabisa na betri, mwanzoni mwa safari ya moto, kwa sababu kipande chochote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Na ukubwa wa fyuzi huchaguliwa kwa kuangalia waya unaweza kustahimili nini: iuruhusu mzigo wa kawaida upite, na ikatike kabla waya haujaumia. Kwa ampea 9 zetu na waya wa 2.5, fyuzi ya ampea 15 inatosha. Fyuzi za magari zimepakwa rangi ili asiyesoma asikosee: nyekundu ni 10, bluu ni 15, njano ni 20, kijani ni 30. Anayeondoa ya bluu iliyokatika na kuweka ya kijani, au anayezungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, amemfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi. Fyuzi inayokatika mara kwa mara ina habari ya kutupa. Dawa yake ni kuisikiliza.

La pili ni rilei. Hiki ni kiboksi chenye swichi inayovutwa na sumaku. Kwa kutumia rilei, mzigo mzito wa taa hauna haja ya kuzunguka hadi dashibodi. Hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi na rilei chini ya boneti, hufika kwenye taa kwa mita 2 tu. Kile kinachoingia ndani hadi kwenye swichi ni amri, na amri haina uzito: hata ampea moja haifiki. Hapo waya mwembamba unaruhusiwa. Kila waya hupewa unene wa kazi yake. Miguu ya rilei ina namba zilezile karibu katika kila gari, 30, 85, 86 na 87. Moto wa betri huingia 30 na kutoka 87 kwenda kwenye taa, na 85 na 86 ni za amri.

La tatu ni waya wa kurudi. Shuleni tunasema ardhi, na karakana husema ethi, yaani neno lilelile la Kiingereza lililokunjwa ulimi. Ukilisikia neno ardhi unaweza kudhani umeme wa gari huingia mchangani. Gari limesimama juu ya mpira! Ardhi yake ni bati na chuma chake lenyewe, na moto uliokwenda kwenye taa hurudi betri kupitia bodi. Basi waya wa ethi wastahili unene sawa na wa moto, na mahali unapofungwa pakwanguliwe rangi na kutu hadi chuma king'ae. Taa nyingi zinazolaumiwa kuwa dhaifu hazina kosa. Njia yao ya kurudi nyumbani imezibwa na kutu.

La mwisho ni aina ya waya. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu usiingie kwenye gari, hata kama eneo lake linatosha, kwa sababu mitikisiko ya barabara huukunja na kuukunjua mpaka uvunjike ndani ya ganda, pasipoonekana. Gari linataka nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja. Ukipita kwenye tundu la bati, uvishwe mpira ili usikatwe na makali.

Hayo yote yaliandikwa katika ile karatasi iliyokuwa ndani ya boksi la taa. Yaliandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo. Dereva alimaliza darasa la saba, ambako alifundishwa sayansi kwa Kiswahili na alikutana na mkondo wa umeme kwenye kitabu. Fundi alifika kidato cha pili, ambako mkondo ule uliletwa tena ukiwa umevaa nguo za Kiingereza na hakuna aliyemwambia kwamba ni yuleyule. Kisha wote wawili wakaingia katika kazi inayosema moto. Kitu kimoja, majina matatu, na hakuna daraja kati yake. Mtu wa namna hiyo akiwa dukani, mbele ya waya mwekundu wenye ganda nono, amebakiwa na jicho tu.

Wala hatuwezi kusema Kiswahili hakina maneno. BAKITA lipo tangu mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Maneno yapo, na mengi ni mazuri. Kilichokosekana ni safari ya kutoka kwenye kamusi hadi chini ya mwembe, na safari ya kurudi pia. Wakusanya istilahi wangeketi kwenye benchi la karakana kwa wiki moja wangeondoka na kumenya, kula moto, waya mbishi, na mengine ambayo mimi sijayasikia. Na mafundi wangebaki na milimita za mraba, mzigo na ukinzani. Sidhani kama upande wowote ungejuta.

Ninyi washairi mtaelewa upesi kuliko wengine, kwa kuwa mnajua maana ya kupima. Sheikh Kaluta Amri Abedi alituwekea sheria za mizani katika kitabu chake cha mwaka 1954. Miaka ishirini baadaye Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, na tangu hapo tumegombana, kwa heshima na pengine bila heshima, juu ya kama shairi laweza kuishi bila mizani na vina. Mimi nimezisikiliza pande zote mbili na bado nafurahia ugomvi huo. Lakini chini ya boneti hakuna shairi huru. Mshororo wa mizani kumi na sita ukiubebesha ishirini, msomaji atajikwaa, atacheka, ataliita guni na kuendelea na maisha yake. Waya wa ampea tano ukiubebesha ampea tisa, wanaolipa ni watu waliolala kwenye viti vya nyuma wakiwa wamepakata watoto.

Kijana wa Hiace hakuwa na fedha za kutosha siku ile. Alizihesabu mara mbili, akatazama lile fungu jekundu, akatazama nyuzi nyeupe zilizolala wazi kwenye benchi. Kisha akamwambia fundi, "Tufunge taa moja leo, kwa waya wa kweli. Ya pili nitaileta baada ya mnada." Fundi alikata mita zilizohitajika, akakwangua rangi kwenye bodi mahali pa ethi, akaweka rilei na fyuzi ya ampea 15 kando ya betri. Kwa taa moja hata ya 10 ingetosha, lakini alikuwa anaijengea njia ile ya pili ambayo haijafika. Baada ya wiki mbili ilifika.

Fundi aliniomba nimwandikie maneno ya kubandika kwenye shina la mwembe, wateja wayasome wakisubiri. Alisema yawe mafupi, na yawe na vina, ili hata asiyejua kusoma akisomewa mara moja ayashike. Nimemwandikia beti mbili za tarbia:

Ganda usilithamini, ya ndani tazama shaba,
Mzigo pima mizani, ujue unavyobeba,
Urefu weka kichwani, usikadirie haba,
Na fyuzi i mlangoni, moto ukija huziba.

Njia ya tembo na nyati, usiku unapofika,
Taa zikizima kati, dereva hubabaika,
Waya si mapambo ati, ni roho ulizoshika,
Neno nalo ni dhabiti, likisemwa kwa hakika.

Alizisoma kwa sauti mbele ya wateja watatu, akanipa pongezi, kisha akauliza kwa nini sikuweka neno ubishi. Nilimjibu kwamba vina vilinikatalia. Akasema basi vina navyo ni vibishi. Kama kuna malenga kati yenu anayeweza kuutunga ubeti wa tatu wenye neno hilo, mizani zikiwa timamu, na aulete. Kwenye shina la mwembe bado kuna nafasi.